Pua ya Mzee wa Maabara

Upepo wa stendi ya Same unaweza kukuvua kofia ukaikuta Makanya, lakini haukuwahi kutuficha kwamba Mzee wa Maabara anakuja. Kwanza unasikia madumu yanagongana nyuma ya baiskeli. Halafu unamsikia yeye, bado yuko ng'ambo ya barabara, ameshaanza kutusema.

"Nani ameunguza viazi huko? Naomba ajitaje!"

Na kweli kuna mtu kaunguza. Mara nyingi ni mimi.

Mimi nakaanga chipsi. Shule niliishia la saba na sijawahi kuona maabara kwa macho yangu. Ninachokijua kuhusu kemia nimekisikia kwa mzee yule, amesimama mbele ya karai langu na kitambaa begani, ananizibia wateja.

Alikuwa anakusanya mafuta yaliyochoka. Yale umekaangia, ukakaangia, mpaka yakawa meusi na mazito, kiazi kinatoka na rangi ya godoro kuukuu. Zamani tulikuwa tunayamwaga mtaroni. Nisiwe mwongo, wengine tulikuwa tunawapa akina mama wa maandazi, nao wanayapeleka mbele kwa watoto wa shule. Mzee ndiye alikomesha hiyo habari. Alimgawia kila mkaangaji dumu moja la njano, na juu ya kila dumu akaandika kwa kalamu nene: MAFUTA YALIYOTUMIKA. SI YA KULA. Dumu likijaa anakuja kulichukua, anakuachia miche ya sabuni na dumu tupu. Ukimwambia "mzee ongeza basi mche mmoja", anakuangalia kama umemtukania mkwe.

Tulimwita Mzee wa Maabara kwa sababu maisha yake yote ya kazi alitunza maabara ya sekondari moja. Ukimwita mwalimu anakataa hapo hapo. "Mimi sikufundisha mtu. Mimi niliosha vyombo vya waliofundisha." Sawa. Lakini siku basi la Arusha likisimama, akashuka baba mmoja mwenye suti na kitambi, akasema, "Shikamoo mwalimu, mimi ndiye uliyenishikia mkono nisiungue asidi," mzee anaitikia "marahaaaba" mpaka madereva wanageuka. Hapo hakatai ualimu. Basi likiondoka anatukuta tunamwangalia, anasema, "Nini? Mtu mzima anasalimiwa, hamjawahi kuona?"

Ndivyo alivyokuwa. Mtengeneza sabuni mwenye shati chafu kuliko la fundi gereji. Mzee wa kanisa anayenong'ona na jirani yake ibada nzima, halafu anakuja kutuambia sisi tuna kelele. Chipsi hakuwahi kula hata moja. Nilimwekea siku moja sahani nzima, bure, na kachumbari juu. Akasema, "Nikila nitakupenda, nikikupenda sitakusema ukikosea." Akachukua dumu lake akaondoka. Chipsi akala kinyozi, jirani yangu pale stendi, ambaye yeye hukosea kila siku na bado tunampenda.

Sasa pua. Lazima niiseme pua.

Akifika, anafungua dumu, anachovya kijiti, anafumba macho. Stendi nzima tunanyamaza. Halafu anasoma kijiti kama barua. "Hapa Jumatatu ulikaanga mihogo. Katikati kuna samaki. Na huyo samaki, kijana, hakuwa na afya." Kinyozi anaangua kicheko, wateja wangu wa samaki wanaanza kuangaliana. Mara moja alimwambia mama wa sambusa, "Karai lako ulilisugua kwa majivu, hukulisuuza." Mama akaapa kwa watoto wake wanne kwamba alilisuuza. Kesho yake akakiri mwenyewe. Tangu hapo tuliiogopa ile pua kama trafiki.

Nyumbani kwake, chumba cha uani, ndiko kulikuwa na kiwanda chake. Nilienda mara nyingi kumpelekea madumu. Alikuwa na mizani ya zamani, mapipa mawili, na kila kitu kina karatasi imebandikwa. CHUMVI. KOSTIKI, USIGUSE. SUKARI, SI CHUMVI. Hata kwenye redio: REDIO, INAKWAMA. Nikamuuliza, mzee redio nayo unaogopa itachanganywa na nini? Akasema, "Andika kilichomo. Mtu akifungua akute ulichoandika. Hiyo tu ndiyo kazi. Mengine ni kukoroga."

Sabuni yake ilikuwa imara, haina mbwembwe. Mafuta anayachemsha kwanza maji yatoke, anayachuja kwa kitambaa, halafu anaweka kostiki, ile magadi kali inayounguza ngozi, kwa kipimo. Kujua kama ukali umezidi, anadondoshea maji ya manjano, manjano haya haya ya kupikia, kutoka milimani. Yakibaki ya njano, salama. Yakigeuka mekundu, hapo bado inauma, subiri. Mabaki yaliyokataa kuwa sabuni nzuri anayapika na mafuta mengine anatoa grisi ya minyororo. Bodaboda wa Same wote walikuwa wanapaka. Pikipiki zinanukia chipsi, mbwa wanazikimbiza mpaka Mwembe.

Lakini sabuni na grisi kwake zilikuwa kama maganda. Roho yake ilikuwa kwenye gliserini.

Alinieleza hivi, na mimi nikaelewa, kwa hiyo na wewe utaelewa. "Mafuta ni mtu mmoja amebeba mizigo mitatu. Kostiki inakuja inamtua. Mizigo inakuwa sabuni, inaelea juu ukitia chumvi. Yule mbebaji anabaki chini, kwenye maji. Kila mtu anachukua mizigo anakwenda zake, mbebaji anamwagwa. Huyo mbebaji ndiye gliserini. Mimi namtaka yeye." Anayapika yale maji ya chini taratibu, chumvi inajitenga, anapitisha kwenye makaa yaliyosagwa, anarudia. Kwenye dumu zima la mafuta anapata kitu cha kujaza chupa ndogo. Kizito, kitamu ukilamba, na kinalainisha mikono iliyopasuka kwa baridi ya milimani.

Na chupa ile alikuwa na mahali pa kuipeleka. Binti yake, mtoto wake pekee, ana duka la dawa pale mjini. Koti jeupe, rafu za vioo, sakafu inang'aa mpaka unavua ndala bila kuambiwa. Mzee akipita pale na madumu, binti alikuwa anamwomba azunguke mlango wa nyuma, maana wateja wanalalamika harufu. Mzee alitusimulia hilo akicheka. Hatukucheka. Hata kinyozi hakucheka.

"Ataiweka rafuni," mzee alikuwa anasema. "Sitaki anihurumie. Aikague. Ikipita mbele yake, kesho yake twende ikapimwe na wanaohusika." Binti alikuwa amemkubalia kwa masharti: iwe safi, isiwe na harufu, na baba amwambie kilichomo, kisizidi kisipungue. Chupa ya kwanza aliirudisha, ina chumvi. Ya pili akairudisha, kwa mbali inanuka samaki. Mzee hakukasirika. Alikuja stendi amefurahi kabisa. "Mnaona mtoto? Amejua samaki! Pua ni yangu ile."

Kwa chupa ya tatu alikuja kwangu.

"Wewe wa chipsi. Wiki hii kaanga viazi tu. Mafuta mapya, viazi tu, mpaka Jumamosi. Nakuomba."

Mzee yule alikuwa haombi. Alikuwa anaamuru, anasema, anafoka. Nakuomba sikuwahi kuisikia. Nikakaanga viazi tu. Wateja wa samaki niliwafukuza kama kuku. Mmoja aliniambia, "Umeokoka?" Nikamwambia, ndiyo, nimeokoka samaki. Ijumaa jioni mafuta yalikuwa bado yana rangi ya asali, nikayachuja, nikayajaza kwenye dumu la njano. Nilijisikia daktari.

Jumamosi asubuhi kinyozi akaja na chupa ya mafuta ya nywele, yale ya asumini wanayopaka wateja wake.

"Tumtilie kifuniko kimoja," akasema. "Akichovya tu kijiti, atatutukana mpaka Krismasi."

"Haya ni ya kazi yake maalumu, bwana."

"Si atanusa? Yule anajua samaki mgonjwa, ashindwe asumini? Atanusa, atafoka, tutacheka, unampa dumu lingine. Umeanza lini kuwa mchungaji?"

Ukweli ni kwamba dumu lingine lilikuwepo. Nilikuwa nimechuja mawili. Na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kutukanwa. Hakuna mtu Same aliyekuwa anatukana vizuri kama yule mzee. Anakutukana unajiona umependwa. Nikafungua dumu mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Kinyozi akamimina kifuniko, halafu akasema ngoja, akamimina na cha pili.

Mzee akaja. Amejifunga skafu, macho mekundu, pua imeziba. Alikuwa ametoka msibani huko juu, wamezika kwenye mvua. Akasimama mbele ya dumu, kijiti mkononi. Mimi na kinyozi tunabana kicheko mpaka mbavu zinauma.

Akarudisha kijiti mfukoni.

"Leo sina pua," akasema. "Leo nakuamini."

Akafunga dumu kwenye baiskeli.

Nilitaka kusema. Nakwambia ukweli, mdomo niliufungua. Lakini basi la Dar likaingia, abiria madirishani wanapiga kelele, chipsi kavu mbili, chipsi mayai moja, haraka kaka gari linaondoka. Nikapakua. Nikainua kichwa, mzee ameshavuka barabara. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni nikasema kesho. Kinyozi akasema, "Mafua yakiisha atanusa, anazo siku nyingi za kupika." Nikashika hilo neno la kinyozi kama hati.

Mafua yaliisha, pua ikachelewa kurudi. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Alipika, akachuja, akapitisha kwenye makaa mara tatu badala ya mbili, bila kusikia harufu yoyote. Akadhani kimya kile ndiyo usafi.

Siku aliyopeleka chupa nilimwona anakwenda. Shati jeupe, limepigwa pasi. Saa moja baadaye akarudi anakokota baiskeli, hajaipanda. Chupa iko mfuko wa shati, na karatasi yake imebandikwa: GLISERINI. NDANI HAMNA KINGINE.

"Vipi mzee," nikasema, "imekubalika?"

"Ina asumini."

Mimi nina kisu mkononi, namenya.

"Ameniuliza nimetia marashi ya nini. Ati nataka kumficha harufu, yeye. Nikasema sijatia. Akasema, baba, nanusa, watu wote hapa wananusa. Akawapa na wateja wanuse. Mmoja akasema ni asumini." Akagusa chupa mfukoni. "Nyumbani ninayo chupa ya mafuta ya nywele, ya marehemu mama yake. Iko karibu na meza ninayopimia. Ameniambia, baba umeanza kusahau. Sasa nawaza. Labda nilitia. Labda nimetia nikasahau."

Aliniangalia. Naapa alikuwa ananiuliza. Mtu ambaye hajawahi kutuuliza kitu, alikuwa ananiuliza mimi, mtoto wa la saba, kama yeye bado ni mzima.

Nikageuka kwa dada mmoja aliyekuwa amesimama pembeni. "Nikufungie za ngapi, mrembo?"

Baada ya hapo mzee alikuja mara chache, halafu hakuja. Dumu langu lilijaa likakaa. Nilipokwenda kumwona nikakuta pipa la kupikia limegeuzwa, limekauka. Karatasi zimeongezeka. MLANGO WA NJE. JIKO, ZIMA. Kwenye ile chupa ya marehemu mke wake kuna karatasi tatu, moja juu ya nyingine: USIGUSE. USIGUSE. ULISHAGUSA. Nikasoma, nikaaga, nikasema nina wateja. Alikuwa amekaa hapo hapo kwenye kiti. Hakunisema hata neno moja, na viazi nilikuwa nimeunguza asubuhi ile, nguo zangu zilikuwa zinanuka.

Sijui kama kusahau kulikuwa kunakuja tu, au sisi ndio tuliofungua mlango. Kinyozi anasema kulikuwa kunakuja tu, uzee ule. Kinyozi sasa amehamia Mwanga, ananyoa watu huko. Mimi nimebaki na barabara.

Mwaka huu, msimu wa baridi, ndipo nikapanda Mbaga. Nilisikia binti amemrudisha kijijini, amemwachia msaidizi duka, yeye anashinda juu na baba yake. Nilichukua bodaboda mpaka nyumbani kwao, nina sukari na mkate kwenye mfuko, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno.

Mzee alikuwa amekaa barazani, koti zito, blanketi magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa chipsi, mzee. Stendi."

"Aaa. Unaunguza." Akafurahi. Binti akaleta kigoda, akanikaribisha, akaingia jikoni. Nikaona nikisubiri nitashuka na maneno yangu yote.

"Mzee, ile asumini hukutia wewe. Tulitia sisi. Mimi na kinyozi. Ulikuwa mzaha, tulijua utanusa."

Halafu uso wake ukafunguka, sijui nisemeje, kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya kukaa sana kwenye foleni.

"Sikutia mimi?"

"Hukutia, mzee."

"Mama! Mama njoo!" Alikuwa anamwita binti yake hivyo. "Huyu anasema sikutia mimi! Nilikuwa mzima! Umesikia? Nilikuwa mzima!"

Binti alikuwa ameshafika mlangoni na sinia la chai. Alisimama.

"Nimesikia, baba." Akaweka sinia chini, akaniangalia. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, dada."

"Uliogopa nini? Angekutukana tu."

Jibu lilikuwa hilo: matusi ya mzaha niliyataka, ya kweli niliyakimbia.

"Mimi ndiye niliyemwambia ameanza kusahau," akasema. "Mbele ya wateja. Hakuwa amesahau kitu. Na yeye akaamini, kwa sababu nimesema mimi."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akamimina chai, na mimi akanimiminia, sukari akatia.

Tulikunywa. Mzee akauliza habari za mvua, akauliza kama stendi bado kuna upepo. Halafu akaweka kikombe chini, uso ukajifunga tena.

"Hivi mama, ile asumini. Hivi nilitia mimi?"

Nikamwangalia binti. Akaniachia.

Nikasema tena. Yote, na kinyozi, na kifuniko cha pili. Na uso ukafunguka tena, vile vile. "Sikutia mimi? Umesikia, mama? Nilikuwa mzima!" Furaha ile ile, mpya kabisa. Kuiona mara ya kwanza iliniuma. Kuiona mara ya pili nilitamani ardhi inimeze.

Mara ya tatu aliuliza ukungu ukiwa umeanza kuingia barazani, na bodaboda wangu anapiga honi chini barabarani. Nikafungua mdomo. Binti akanigusa bega, ninyamaze. Akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamrekebishia blanketi.

"Haikuwa na asumini, baba. Ilikuwa safi. Nimeiweka rafuni."

Mzee akamtazama sana. "Umeikagua?"

"Nimeikagua."

"Hukunihurumia?"

"Nikuhurumie wewe?"

Akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. "Na nani alinunua wa kwanza?"

Binti hakuwa amejiandaa kwa hilo. Nilimwona anatafuta. Akageuza shingo, macho yamejaa, akaniangalia mimi.

"Mimi mzee," nikasema. "Nilinunua mimi. Mikono ilikuwa imepasuka, haikamati hata kisu."

"Lete."

Nikasogea, nikampa mkono. Una malengelenge ya juzi, mafuta ya karai yalinirukia, na vidole vimepasuka mpaka vinatoa damu nikikunja. Akaushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akapitisha kidole gumba kwenye kila mpasuko, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Umepona," akasema. "Mama, hebu ona. Umepona kabisa."